Kibao cha Nyumba ya Kashindye

Mwaka wa Operesheni Vijiji, lori lilimpeleka Kashindye na vyungu vyake kwenye kijiji kipya cha ujamaa, mbele ya Buhongwa. Majirani walitawanywa huku na kule. Nyumba yake ya msonge ikabaki peke yake, mpaka watu wa makumbusho walipoing'oa mti kwa mti na kuisimamisha upya Mwanza mjini, juu ya mwamba unaotazama ziwa. Mwenyewe hakuulizwa. Aliposikia, alitembea kutwa nzima, akafika na vumbi hadi kwenye nyusi, akasema, "Hii ni nyumba yangu. Nipeni kazi humu."

Bwana Mutayoba, msimamizi, kijana wa Bukoba ambaye suruali yake ilinyooka kuliko mambo yake, alimpa. Kila Jumamosi wazazi wa mjini walileta watoto wajifunze maisha ya zamani, kana kwamba zamani hiyo haikuwa mwaka juzi tu. Kashindye aliwafundisha kusaga mtama, kusiriba sakafu kwa mavi ya ng'ombe na kupanga mafiga.

Lakini hakuja kwa ajili yao. Alikuja kumngoja Mihayo, mwanawe wa pekee, aliyekwenda Tanga kukata mkonge, mwaka wa tisa sasa bila barua. Akirudi kwao atakuta nyasi tupu. Habari za nyumba, angalau, atazisikia. Na akiingia atalijua figa la tatu, alilolimega mwenyewe utotoni, akawa kila siku anaugeuzia ukutani upande uliomegeka ili baba yake asiuone. Kashindye aliwaagiza watoto wauelekeze mlangoni.

Alijiunga pia na kisomo cha watu wazima, ili barua ikija asisomewe na mtu. Mtihani ukaangukia Jumamosi. Ndiyo Jumamosi pekee aliyokosa.

Jumatatu alipoinama kuwasha moto, aliziweka kuni chini. Upande uliomegeka ulikuwa umegeukia ukutani.

"Shikamoo mama," Mutayoba alisema akiingia.

"Nani aligusa figa hili?"

"Hilo? Mgeni mmoja, alikuja na watoto wake wawili. Aliligeuza huku anacheka, nikataka kumgombeza. Alisema ametoka huko kijiji cha zamani, hakukuta mtu. Akauliza habari za wenye nyumba, nikamwonyesha kibao pale nje."

"Halafu?"

"Alikisoma, akavua kofia. Akauliza makaburi yako wapi. Nikamwambia hatujui." Sauti ilianza kumpungua. "Wakaondoka kuwahi treni."

"Hukumwambia nipo?"

"Watu walikuwa wengi, mama. Hata sikufikiri."

Kashindye alitoka nje. Kibao kile alikuwa akikifuta vumbi kila asubuhi, mwaka mzima, kwa kitambaa chake mwenyewe. Sasa alikisoma, kidole kikitangulia, silabi kwa silabi: "Wenyeji wa nyumba hii wote walikwisha fariki."

Hakukosea hata herufi moja.

"Kiliandikwa kabla hujaja," Mutayoba alisema nyuma yake. "Nilisahau kukibadilisha. Nisamehe, mama."

Kashindye alikaa chini palepale mlangoni, akalia kwa sauti, kama anavyoliliwa mtu aliyekufa. Mutayoba aliking'oa kibao, lakini yeye hakumtazama.

Jumamosi iliyofuata watoto walikuja kama kawaida. Binti mmoja, figa limemlemea mikononi, akauliza upande uliomegeka auelekeze wapi.

"Ukutani, mjukuu wangu," Kashindye alimwambia. "Mwenyewe keshapita."