Nyongeza ya Saba na Nusu

Lonnie Pruett aliichukua mashine yangu ya kuchomelea siku ya Alhamisi, akaiweka chumba cha nyuma cha saluni yake ya kunyolea, kati ya viti vibovu. Nilimsaidia kuishusha kwenye gari kwa mikono yangu mwenyewe.

"Ukishinda Jumamosi unakuja kuichukua," alisema. "Ukishindwa, kaka, usije hata kunyoa."

Nilikuwa nimeshindwa dau zake majuma matano mfululizo. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na sita, na tangu hapo nimeishi kwa kuchomelea mageti, matela ya ng'ombe na ngazi za maghala. Sijui kazi nyingine. Jumatatu nilitakiwa kwenye machimbo ya mawe, kazi ya miezi miwili. Bila mashine wangemwita mtu mwingine, na mimi ningebaki nimekaa jikoni nikimtazama mke wangu.

Dau lenyewe lilikuwa rahisi. Timu ya shule yetu, Kessler, ilikuwa inacheza mpira wa Kimarekani na Barlow, na kila mtu mjini alijua Barlow watashinda. Kwa hiyo Lonnie alinipa nyongeza ya alama saba na nusu. Tukifungwa kwa saba au pungufu, mashine ni yangu. Tukifungwa kwa nane, ni yake.

Kitu ambacho sikumkumbusha Lonnie, ingawa alikijua, ni kwamba mimi ni mtu wa mnyororo. Ni miaka kumi na tisa sasa. Kila mechi ya nyumbani nasimama pembeni ya uwanja nimeshika fimbo, Skip Lantz anashika nyingine, na kati yetu kuna mnyororo wa yadi kumi wa kupimia timu imesogea kiasi gani. Hatulipwi. Tunapewa soseji na kahawa. Sharti ni moja tu: mtu wa mnyororo hana timu. Hashangilii, halalamiki, hasemi na kocha. Baba yake Skip alishika fimbo hiyo siku mwanawe alipovunjika mguu uwanjani, na hakuiachia.

Zikiwa zimebaki dakika sita, Barlow walikuwa na ishirini na moja, sisi saba.

"Umeikaba hiyo fimbo, Vern," Skip alisema. "Imekukosea nini?"

"Baridi."

"Baridi gani, unatoka jasho."

Mara kijana wetu akauvusha mpira mstari wa mwisho. Alama sita. Kumi na tatu kwa ishirini na moja: tuko nyuma kwa nane. Ukishavusha, kocha anachagua. Apige teke la alama moja, ambalo mpigaji wetu hakuwahi kukosa mwaka mzima, au awape vijana nafasi moja ya kuuvusha tena kutoka karibu, kwa alama mbili. Teke lingetufanya tuwe nyuma kwa saba. Saba ni mashine yangu.

Kocha wetu, Curt Maddox, ni mwalimu wa hesabu. Alikuwa na kadi mfukoni, imefunikwa plastiki, inayomwambia lini apige teke na lini ajaribu mbili. Mwaka huo aliifuata mara tatu, mara tatu zote vijana wakagonga ukuta. Jumanne bodi ya shule ilikuwa ikutane kuamua kama abaki. Aliitoa kadi. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake.

"Maddox, rudisha hiyo karatasi!" mtu alipayuka kutoka jukwaani. "Tumekuja kuangalia mpira, siyo mtihani."

Watu wakacheka. Curt hakugeuka.

"Inasema mbili," alijisemea. Akainua vidole viwili, halafu mkono ukasita.

"Piga teke, Curt," nikasema.

Skip alinigeukia kama mtu aliyeona mbwa akizungumza. Curt naye akanitazama. Nilicheza na marehemu baba yake, nikalibeba jeneza lake.

"Unasemaje, Mzee Vern?"

"Piga teke. Baba yako angepiga."

Alirudisha kadi mfukoni. Kisha akaita mpigaji. Teke likaingia katikati ya nguzo. Kumi na nne kwa ishirini na moja.

"Una wazimu?" Skip aliuliza kwa sauti ya chini.

Barlow hawakupata kitu. Zikiwa zimebaki sekunde thelathini, vijana wetu wakavusha tena. Ishirini kwa ishirini na moja. Hapo ndipo nilipoielewa ile kadi, mimi niliyekimbia hesabu shuleni. Kama angejaribu mbili mara ya kwanza na zikaingia, sasa teke moja lingetupa ushindi. Kama zingekosa, sasa angejaribu tena na kusawazisha. Kadi ilimpa nafasi mbili. Mimi nimemnyang'anya moja.

Vijana wake walikuwa wamechoka, na Barlow walikuwa wakubwa zaidi. Kusawazisha kwa teke na kucheza muda wa ziada wasingeuweza. Curt alinitazama, akangoja. Safari hii sikusema neno. Mimi nilikuwa nimeshashinda.

Akainua vidole viwili. Kijana wetu alikamatwa nusu yadi kabla ya mstari.

Watu walipoanza kuondoka, Curt alikuja akashika upande wa Skip wa mnyororo, tuukunje.

"Asante kwa kunisemesha pale," alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Lile teke lilikuwa sahihi. Jaribio la mwisho nimeliharibu mwenyewe."

Ningeweza kumwambia. Nilifungua mdomo.

"Vern!" Lonnie alikuwa ameegemea uzio, anachezesha funguo za saluni. "Lete gari, kaka. Nilikupa saba na nusu, mkafungwa kwa moja tu. Na kunyoa nakunyoa bure."

Hakuna mtu Kessler asiyejua kwamba Lonnie anachezesha kamari. Curt alimtazama Lonnie, kisha akanitazama mimi. Ni mwalimu wa hesabu, hakuhitaji kalamu.

"Tulikuwa nyuma kwa nane," alisema polepole.

"Ndiyo."

"Na ukamtaja baba."

"Ndiyo."

Aliuachia upande wake wa mnyororo ukaanguka kwenye nyasi, akaenda kwa vijana wake. Niliukunja peke yangu, nikauweka kwenye ndoo yake. Halafu nikaenda kuleta gari.