Taa ya Oili na Pumzi ya Mama Mkwe

Taa ya oili iliwaka kwenye dashibodi katikati ya mlima, na mshonaji aliyekuwa akiendesha akapunguza mwendo. Kwenye kiti cha nyuma mama mkwe wake alikuwa ameegemea mito, mpira wa oksijeni puani, na miguuni pake mashine ikinguruma taratibu. Mashine ile ilikula umeme wa gari. Injini ikizimwa, betri peke yake ingeibeba kwa muda, na baada ya hapo, basi.

Walikuwa wakienda hospitali kuu kwa daktari wa mapafu. Mumewe alikuwa kazini melini, huko ambako simu hazishiki, kwa hiyo walikuwa wawili tu, yeye na mwanamke ambaye tangu harusi hakuwahi kumwambia neno la kumpamba. Mama mkwe alikuwa mpishi wa shule ya bweni maisha yake yote, amezoea kufokea masufuria na watu. Sasa maneno yalimtoka mawili matatu kwa pumzi moja, lakini ukali ulikuwa palepale.

"Mbona... unasimama?"

"Taa ya oili, mama. Naangalia mara moja tu."

Alizima injini. Mashine ikabaki kusikika peke yake. Akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha na kukichomoa tena. Oili ilikuwepo, imefika alama ya juu, rangi yake bado ya asali. Alishusha pumzi. Taa inadanganya, akajisemea, ni waya tu huo. Akarudi kuwasha. Taa haikuzima, na kabla hajaingiza gia injini ikaanza kugonga, ko-ko-ko, kama mtu anayebisha hodi kwa nyundo.

"Zima!" mama mkwe alifoka, kikohozi kikamkaba. "Hata mimi... mtu wa masufuria... nasikia hiyo siyo sauti."

Akazima. Akasimama barabarani akipunga mikono miwili. Magari yalimpita, mengine yakiongeza mwendo, mpaka lori la mchanga likafunga breki mbele yake.

"Mlete mama apande hapa mbele, dada, niwafikishe," dereva alisema.

"Anapumua kwa mashine, kaka. Na umeme wa lori ni mkali kuliko wa gari dogo, utaiunguza."

Dereva alichungulia ndani, akamwona mama mkwe, akavua kofia. "Shikamoo mama. Basi tunawavuta. Kule juu kuna gereji."

Mshonaji hakuwahi kuvutwa kwa kamba. Bila injini usukani ulikuwa mzito kama umemwagiwa zege, na breki alizikanyaga kwa miguu yote miwili ili asiligonge lori. Jasho likamwingia machoni. Kabla hawajafika mashine ikaanza kulia, pii, pii. Betri ilikuwa inakata roho.

"Mama, tunafika."

Mama mkwe alikuwa amefumba macho, akitafuta hewa kwa mdomo.

Fundi wa gereji ile walimwita Spana, mtu mrefu mwenye mabega yaliyoinama. Alipoona mpira puani mwa mgonjwa hakuuliza maswali. Alibeba mashine mwenyewe mpaka kwenye benchi lake, akang'oa plagi ya mashine ya kuchomelea, akachomeka ya oksijeni. Dereva wa lori akambeba mama mkwe, akamkalisha kwenye kiti cha gari kilichong'olewa. Rangi ikaanza kumrudi.

Hapo ndipo Spana alipogeukia gari. Alifungua sensa ya oili, akafunga mahali pake geji ya kupimia msukumo wa oili, akaunga betri nyingine na kuwasha kidogo tu. Mshale ulitikisika ukalala.

"Taa haikudanganya," alisema akizima. "Kijiti kinakwambia oili ipo. Hakikwambii kama inapanda juu. Kuna mtu alifungua huku chini karibuni?"

"Fundi wa mtaani kwetu. Ilikuwa inavuja."

"Mh. Ninaweza kukuta chujio limeziba, au pampu imekufa. Nikikuta chengachenga za chuma, dada, gari hili haliondoki leo."

Akaingia chini. Oili yote ikiwa kwenye beseni, na bakuli la oili la chini ya injini likiwa limening'inia kwa bolti za mwisho, umeme ukakatika.

Mashine ililia mara moja ndefu, ikanyamaza.

"Spana!" mshonaji alipiga kelele. Fundi alikwishatoka chini ya gari, anakimbilia betri ile aliyoiunga. Ilikuwa imechoka, mashine haikuitikia. Mwenye teksi aliyekuwa akingoja gurudumu lake akaruka, akafungua boneti yake na kuanza kulegeza betri.

Mama mkwe aligeuka kijivu midomoni. Mikono yake ilikamata hewa. Mshonaji akapanda nyuma yake kwenye kile kiti kibovu, akamkumbatia kutoka mgongoni, akamwinamisha mbele.

"Vuta na mimi, mama. Taratibu. Toa kama unapuliza jiko. Vuta tena."

"Nakufa... huku..."

"Hufi. Puliza jiko."

Alihisi mbavu za mwanamke yule zikipanda na kushuka kifuani kwake, nyepesi kama za ndege. Alimwomba Mungu, alimtukana mumewe, aliitukana bahari, yote kimoyomoyo, na mdomo wake ukiendelea kusema vuta, puliza. Hakujua ni muda gani. Alisikia tu nyaya zikigusana na betri ya teksi, kisha mngurumo ule wa taratibu.

Mama mkwe hakumwachia mkono.

Spana alirudi chini. Alipotoka alikuwa ameshika chujio, limezibwa na utepe mwekundu wa silikoni. "Fundi wenu alipaka gundi kama anapaka siagi," alisema. "Imemeguka ndani, ikakaba koo la pampu. Chuma sioni."

Alisafisha, akafunga, akajaza oili mpya na kuwasha kwa msaada wa betri ya teksi. Kugonga kulififia, kukaisha. Mshale ukapanda ukakaa.

Walifika hospitali jioni. Wauguzi walimchukua mama mkwe kwa kitanda cha magurudumu, na mlango ukafungwa. Mshonaji akarudi kwenye gari, akakaa akitazama dashibodi, injini ikiunguruma bure.

Mlinzi akagonga kioo. "Dada, zima gari. Hapa ni wodini."

Aligusa ufunguo, masikio bado yakingoja ile pii, pii ya mashine, akashindwa kuuzungusha. Mlinzi akaingiza mkono dirishani, akamzimia injini.

Mama mkwe alilazwa muda mrefu akaruhusiwa, mapafu yakiwa yaleyale. Usiku akibanwa na pumzi humwita mkwewe kwa kugonga ukuta, nao hukaa vilevile, mgongo kwa kifua, mpaka pumzi itulie.