Jalada la Anastazia

Majalada ya ngozi ishirini na mawili yalikuwa mezani, kila moja limepigwa jina la mwenye Biblia kwa rangi ya dhahabu. Lilibaki la Anastazia Massawe tu. Laoban, ndivyo tunavyomwita tajiri wa karakana, akatikisa kichwa. "Meiyou."

Neno hilo la Kichina kila mfanyabiashara anayefika Guangzhou analijua: hakuna.

"Hakuna nini?" nikamuuliza Elinami, binti wa kwetu Machame anayesomea kilimo chuo kikuu hapa. Alinisindikiza Shiling, kwenye karakana za ngozi, kunitafsiria.

"Herufi A, mama. Anazo tatu tu, na Anastazia linataka nne. Anasema A ya mwisho aweke nyota."

"Nyota? Mwambie huyu ni mjane mwenzangu, si bendera."

Kesho yake nilikuwa narudi nyumbani, na ngozi ya rangi ya majalada yale ilibaki moja. Anastazia ana miaka sitini na minane. Benki alikuwa anaweka dole gumba. Mwaka jana alimaliza kisomo cha ngumbaru usharikani kwetu, na aliloniomba ni moja: jina lake zima, si Mama Fulani wala mke wa marehemu.

Elinami akaanza kumweleza laoban habari za Gutenberg, Mjerumani aliyepiga chapa Biblia kwa herufi za metali kama zile, karibu miaka mia sita iliyopita. Akanigeukia. "Bila yeye, mama, mpaka leo Neno tungekuwa tunalisikia kwa mchungaji tu."

Laoban akacheka. Wachina, alisema, walikuwa na herufi za udongo miaka mia nne kabla ya huyo. Wakabishana kama ndugu wanaogombea kihamba, shamba la urithi.

Mimi niliangalia sanduku la herufi. Za shaba, kila moja peke yake. Tangu asubuhi alikuwa anazipanga kinyumenyume, anakaza skrubu, anazipasha moto, anazigandamiza kwenye ngozi, kisha anazifungua zote kwa jina jingine.

"Elinami, huyo Mjerumani, ukurasa ukishapigwa, herufi alizitupa?"

"Hapana, mama. Alizifungua akapangia ukurasa mwingine."

"Basi na huyu afungue. Apige ANASTA kwanza. Halafu achukue A ile ile, apige ZIA."

Wakasemezana. "Anasema itakwenda upande, mama, na ngozi ni hiyo moja. Ikiharibika si juu yake."

"Iwe juu yangu."

Nikatoa uzi mkobani, nikaunyoosha juu ya ngozi, nikaubandika ncha zote mbili uwe mstari wa kufuata. Nikasali kimoyomoyo. ANASTA ikatoka safi. Laoban akasubiri herufi zipoe, akazipanga upya, akashusha mashine polepole, jicho kwenye uzi.

Mstari ulinyooka. Ila kati ya A na Z palibaki nafasi, kama upana wa punje ya mchele. Laoban akaionyesha kwa ukucha, uso umemshuka.

"Mwambie asijali," nikasema. "Anastazia bado anasoma kwa kupumzika njiani. Hapo atavuta pumzi."

Elinami akatafsiri. Laoban akacheka mpaka akafuta macho, akaanza kuokota herufi za MASSAWE.