Mluzi wa Mashine ya Luena

Zamani gitaa ya marehemu Papa Kabwe ilikuwa nyekundu. Mahali mkono wake ulipolala miaka arobaini, rangi ilikuwa imeliwa mpaka mbao ikaonekana, laini kama mwiko wa bugali. Kitufe cha sauti kilishapotea; badala yake palikuwa na kifuniko cha dawa ya kikohozi. Uzi wa tatu ulikuwa waya wa breki ya baiskeli. Ukiiwasha, ilinguruma kama nyuki mzingani, na haikunyamaza mpaka uguse nyuzi.

"Inangoja mukono," Papa alikuwa akimwambia binti yake Ndaya, ambaye kazi yake ilikuwa kushikilia waya kwenye ampli ya kukuza sauti usichomoke.

Sasa mwaka ulikuwa umetimia, na ilikuwa siku ya kuondoa matanga na kugawa vitu vya marehemu. Gitaa ilimwangukia Éliézer, mtoto wa kaka yake, mpigaji wa kwaya kule Kabongo. Kesho angeondoka nayo. Mama Rachelle, mjane, aliomba kitu kimoja tu: amsikie bwana wake mara ya mwisho.

Éliézer aliunga ampli kwenye betri ya gari, akatoa simu yenye kupima sauti, akakaza nyuzi moja moja. Kisha akapiga wimbo ambao Papa aliupiga kila Jumamosi. Vidole havikukosea hata mara moja.

Mama Rachelle akatikisa kichwa. "Hapana, mwanangu. Huyu haiko yeye."

"Mama, wimbo njo huu huu!"

"Wimbo iko yake. Sauti iko ya simu yako."

Watu wakacheka. Kwa aibu, Éliézer akazidi kukaza. Waya wa baiskeli ukalia.

"Yaya, kaka yangu, acha! Utaukata," Ndaya akasema.

"Eh! Kumbe Ndaya iko na kinywa?" Éliézer akamgeukia. "Weye uliacha masomo mu ya tano, musiki ulisomea wapi?"

Ndaya akainamisha macho. Bendi ya Papa haikuwa na simu. Walilinganisha gitaa na mlio wa mashine ya zamani, iliyovuta treni ya asubuhi kutoka Luena. Mashine hiyo ilishakufa. Mlio wake ulibaki mahali pamoja tu: mdomoni mwa Ndaya. Papa alimfundisha kwa siri nyuma ya jiko, kwa maana mwanamke hapigi mluzi, sembuse kwenye matanga.

Alisimama, akaficha mdomo kwa pembe ya kitenge, akapiga.

"Yesu wangu!" Shangazi Abigaïl alishika kichwa. "Mutoto mwanamuke anapiga mluzi mu matanga! Anaita bafu batoke mu makaburi!"

"Muache aite," Mama Rachelle akasema.

Ndaya akapiga tena, mluzi mrefu, ukishuka kidogo mwishoni. Éliézer akamtazama, akatia simu mfukoni. Akalegeza uzi wa kwanza, wa pili, kisha nyuzi zote, mpaka zikakutana na mluzi. Akaondoa mkono. Gitaa ikanguruma, ikingoja. Akapiga.

Sauti ikatoka nzito, kama yenye mchanga kooni. Mama Rachelle akafumba macho.

"Umechelewa tena, Papa Kabwe," akasema polepole. "Na bugali ishapoa."

Asubuhi, gitaa ikiwa imeshafungwa mgongoni, Éliézer alimnyooshea Ndaya simu ile ile.

"Piga mluzi, ndugu yangu, niubebe humu. Kule Kabongo nani atanipigia?"

Ndaya aliinua pembe ya kitenge mdomoni, akatazama huku na huku. Kisha akashusha kitenge kutoka mdomoni, akapiga.