Mguu Mzima

Kiwandani walimwita Msumari kwa jinsi alivyoupigilia mpira wa wavu upande wa pili, na jina hilo lilimganda mpaka msimamizi wa zamu akaliandika kwenye orodha ya mahudhurio. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mrefu, mwepesi wa kucheka, na kwa misimu sita alikuwa tegemeo la timu ya wanawake ya kiwanda cha sabuni. Asubuhi wachezaji walipanga sabuni kwenye maboksi kama wafanyakazi wengine. Saa tisa alasiri waliruhusiwa kwenda mazoezini, na waliobaki mezani waliwasindikiza kwa maneno: "Nendeni mkaruke, sisi tuliozaliwa wafupi tutamalizia."

Mipira yake alipandishiwa na rafiki yake aliyeitwa Kijiko kwa sababu kazi yake uwanjani ilikuwa kuwalisha wenzake. Msumari hakuwahi kumwambia anautaka mpira wapi. Alikimbia, akaruka, na mpira ulikuwa pale.

Kila mazoezi yalipoanza, Fizio, mtaalamu wa viungo wa timu, alichukua dakika ishirini za kwanza. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini. Aliwataka waruke na kutua, waruke na kutua, miguu yote miwili kwa pamoja, magoti yakikunjwa bila kuangukia ndani. "Tueni kimya," alikuwa akisema. "Nisisikie kishindo."

Msumari alikuwa fundi wa kukwepa dakika hizo. Mara kamba ya kiatu imekatika, mara chupa ya maji imesahaulika bafuni, mara dada yake anapiga simu. "Mzee, mimi nacheza mpira, siendi kwenye sarakasi," alimwambia siku moja, na timu nzima ikavunjika mbavu. Fizio naye alicheka, kisha akaendelea kuhesabu.

Ilikuwa Jumanne ya kawaida, wala si mechi. Kijiko alipandisha mpira, Msumari akaruka, akapiga, akatua kwa mguu wa kulia huku goti limelalia ndani. Hakuna aliyemgusa. Alisikia kitu kikikatika kama fimbo kavu, akajikuta chini, anatazama taa za dari. Kabla maumivu hayajafika, alisikia mpira ukiendelea kudunda peke yake mpaka ukutani.

Kano ya katikati ya goti ilikuwa imekatika. Daktari aliyempasua alimweleza kwamba amemtengenezea nyingine kutokana na kano ya paja lake mwenyewe, na kwamba sasa kano hiyo inahitaji muda wa kushika. "Miezi tisa," alisema. "Pengine zaidi. Usiniulize kama inaweza kuwa sita."

Alikuwa amepanga chumba ghorofa ya tatu. Dada yake, ndugu pekee aliyebaki naye, alisafiri kutoka mji mwingine, akakaa wiki moja, akapika chakula cha kujaza friji, kisha akarudi kwa wanawe. Baada ya hapo mtu wake alikuwa Kijiko. Alikuja kila siku akitoka mazoezini, akamwosha nywele, akafua, akamsimulia umbea wa kiwandani. "Wewe pona tu," alisema, "nitakupandishia mipira mpaka uniombe msamaha."

Ligi ikaanza, na safari zikaanza. Kijiko akaja siku moja moja. Halafu Jumapili kwa Jumapili. Halafu akawa anatuma ujumbe wa sauti, kisha maandishi, kisha vile vialama vya moyo vinavyotumwa na mtu aliye njiani. Hapakuwa na siku ambayo Msumari angeweza kuinyooshea kidole na kusema, hapa ndipo aliponiacha.

Aliporudi kazini akiwa na mkongojo mmoja, alipewa kazi ya kukaa, kubandika lebo kwenye chupa za sabuni ya maji. Saa tisa ikifika, wenzake walivua aproni na kutoka kwa makelele, na yeye alibaki anabandika. Kundi la timu kwenye simu halikumtoa. Angetolewa ingekuwa afadhali. Kila siku alisoma vichekesho kuhusu dereva ambaye hakuwahi kumwona na hoteli ambayo hakulala. Nafasi yake alipewa msichana mpya kutoka idara ya maghala, mfupi kidogo kuliko yeye, na watu walisema Kijiko ameshajifunza kumshushia mpira unapomfaa.

Akitoka kazini alikwenda kwa Fizio. Chumba chake kilikuwa nyuma ya uwanja, zamani stoo ya nyavu: kitanda kimoja cha kuchulia, mikanda ya raba ya kujinyoosha, baiskeli isiyokwenda popote, na dirisha linalotazama ukuta. Kazi ya kwanza ilikuwa ndogo mpaka inatia aibu. Alilala chali na kutakiwa akaze msuli wa paja.

"Kaza."

"Nakaza."

"Bado."

"Mzee, nimekaza mpaka meno."

"Meno hayajapasuliwa. Nataka paja."

Fizio alipima paja kwa futi ya fundi cherehani. La kulia lilikuwa limepungua sentimita nne. Aliandika kwenye daftari lake la kijani, na Msumari aligeuza uso ukutani. Kuna siku alifika pale hajazungumza na mtu tangu asubuhi, na alipotaka kusalimia sauti ilikwama, ikabidi akohoe kwanza.

Wiki zikapita, mkongojo ukaachwa, ngazi zikapandwa mguu huu kisha ule. Mwezi wa tano baada ya upasuaji alianza kuruka kidogo kidogo. Mwezi wa saba kocha alikuja mwenyewe kwenye kile chumba, akasimama mlangoni na funguo mkononi.

"Fainali ni wiki tatu zijazo," alisema. "Yule binti anajitahidi, lakini wapinzani ni warefu. Nikimpata huyu hata kwa seti moja, nitashukuru."

"Akifaulu kipimo," alijibu Fizio.

Kipimo kilikuwa kuruka kwa mguu mmoja mara tatu mfululizo, na futi ndefu imelazwa sakafuni. Mguu ulioumia ulitakiwa kufikia angalau sehemu tisa kwa kumi za ule mzima. Jumapili ile, wapangaji wenzake walipotoka, Msumari alijipima kwenye korido akihesabu vigae. Kushoto, vigae kumi na saba. Kulia, kumi na vinne. Alirudia mara tatu na vigae havikuongezeka. Alikaa chini pale pale, mgongo mlangoni, akasikia redio ya jirani iliyosahauliwa bila kuzimwa. Ndipo wazo lilipomjia, jepesi mno: kulia hakuwezi kurefuka, lakini kushoto kunaweza kufupishwa.

Siku ya kipimo aliruka kwa mguu wa kushoto kama mtu aliyebeba ndoo kichwani. Mita nne na nusu. Kwa mguu wa kulia alitoa roho yake yote. Mita nne na robo. Fizio aliandika, kalamu ikabaki hewani kidogo.

"Mguu mzima umechoka leo?"

"Sikulala vizuri, Mzee."

Alimtazama, akatazama daftari, akatia saini. "Hongera, binti yangu."

Jioni hiyo timu ilimpokea kwa vifijo. Kijiko alimkumbatia akalia hadharani, bila hata kujifuta. Kundi la simu lilijaa jina lake. Msumari alicheka, akapigwa mabega, akaimbiwa, na katikati ya mikono ile yote alijihisi mpweke kuliko alivyojihisi kwenye meza ya lebo, kwa kuwa kulikuwa na jambo analolijua peke yake. Mazoezini alipiga mipira michache, yote mizuri, na kila mara alitua kwa mguu wa kushoto, ule wa kulia ukigusa chini baadaye kama mgeni aliyechelewa. Hakuna aliyeona. Mpira ukipigwa, watu hutazama ulikoangukia.

Jumamosi Fizio alikuwa na mabinti kumi na wawili wa timu ya watoto, wa miaka kumi na mitatu, kumi na minne. Alimwomba Msumari aje.

"Huyu goti lake lilikatika," aliwaambia. "Alikuwa hapendi mazoezi ya kutua, atawaambia mwenyewe. Sasa mwangalieni, halafu mfanye kama yeye."

Msumari alipanda kwenye benchi, akaruka, akatua. Mabinti wakafuata mmoja mmoja, nyuso zao zimekaza kwa bidii. Wa kwanza aliegemea kushoto. Wa pili akaegemea kushoto. Alipofika wa tano, Msumari aliona kwamba hawakosei. Walikuwa wanamwiga sawasawa, uzito wote upande mmoja, mguu wa kulia ukining'inia. Binti wa soksi za waridi alitua, goti lake la kushoto likalegea likaangukia ndani. Hakuumia. Alicheka, akarekebisha soksi, akarudi nyuma ya mstari kungoja zamu yake tena.

"Acheni," Msumari alisema. Hawakumsikia. "Acheni! Sivyo hivyo."

Wote wakageuka.

"Nimewaonyesha vibaya. Mzee, nimekudanganya. Siku ya kipimo niliubania mguu wa kushoto."

Fizio aliwaambia mabinti wakanywe maji, akaketi kwenye benchi.

"Kwa nini?"

Msumari alikuwa na majibu mengi: fainali, kocha, timu. Lililotoka lilikuwa jingine. "Nimechoka kukaa peke yangu."

Fizio alitikisa kichwa polepole. "Kwenye daftari mwezi wa tano, huo mguu wa kushoto uliruka mita tano na ushee. Nililifungua siku ile ulipoondoka. Nikaona. Nikalifunga." Alijipangusa uso kwa mkono. "Nilitaka ufaulu. Miezi saba nakuona wewe tu na ule ukuta wa dirishani. Kwa hiyo usiubebe mzigo wote. Mimi ndiye mwenye saini."

Aliinuka akaenda kwa kocha. Sauti ya kocha ilisikika mpaka uwanjani, ya Fizio haikusikika kabisa. Baadaye kocha alipita mbele ya Msumari, akasimama, akasema, "Ungefunga mdomo wiki mbili tu," akaenda zake.

Fainali ilichezwa bila yeye, na timu ikashinda, seti tatu kwa mbili. Alikuwa jukwaani na wafanyakazi wa kiwanda, amevaa fulana ya timu. Msichana wa maghala alipiga pointi ya mwisho kwa mpira wa chini, wa haraka, ambao Msumari mwenyewe asingeuweza. Wachezaji walirundikana katikati ya uwanja. Alipiga makofi mpaka viganja vikawaka, kisha akashuka ngazi za jukwaa. Mlinzi alimzuia kwa upole.

"Wachezaji tu, dada yangu."

Angeweza kujieleza. Aligeuka akapanda tena, akaketi mahali pake mpaka watu walipopungua.

Baada ya hapo ilikuwa miezi mitano zaidi, na hakuna aliyeihesabu isipokuwa yeye na Fizio. Ligi ilikuwa imesimama, uwanja mtupu. Aliruka na kutua mbele ya kioo kirefu alichokiegemeza Fizio ukutani, akijifunza kuuamini mguu wa kulia kama mtu anayejifunza kumwamini ndugu aliyekosana naye. Siku nyingine aliuogopa bila sababu akakaa chini. Fizio hakumsukuma. Aliketi naye, akamenya chungwa, akamgawia nusu.

Kipimo cha pili kilifanyika Alhamisi moja, mbele ya mfagiaji aliyeombwa ashike mwisho wa futi. Kushoto mita tano na robo, kulia mita tano kasoro kidogo. Fizio alipima mara mbili. Mfagiaji aliuliza kama hiyo ni nzuri au mbaya.

"Nzuri," alisema Msumari.

"Basi hongera," alisema mfagiaji, akachukua ufagio wake.

Alirudi kwenye timu, lakini si kwenye nafasi yake. Kwa misimu miwili aliingia mechi zikiwa zimekwisha kuamuliwa, au mtu akiwa na homa. Kijiko alimpandishia mipira, mara juu sana, mara chini sana, na wote wawili walisema "samahani" kwa adabu ambayo zamani hawakuihitaji. Jumamosi alikuwa na mabinti, dakika ishirini za kwanza zikiwa zake. Aliwakazania mpaka wakamtungia jina la utani ambalo hakuwahi kuambiwa. Katika misimu hiyo miwili hakuna hata mmoja wao aliyebebwa kutoka uwanjani. Hilo hakuna aliyelishangilia, kwa kuwa hakuna kilichoonekana kutokea.

Mwaka ambao Msumari alistaafu kucheza, Kijiko aliolewa. Kadi ya mwaliko ililetwa kiwandani pamoja na za wengine. Ukumbini, wachezaji wa sasa walikuwa wamejaza meza yao, na Msumari aliwekwa kwenye meza ya wafanyakazi wenzake bwana harusi, watu wa ofisini wanaocheka mambo yao. Mama mmoja mwenye miwani alimsogezea soda, akamuuliza kwa ukarimu:

"Na wewe, mwanangu, bibi harusi unamfahamu vipi?"

Msumari alitazama mbele, Kijiko akiinama kusikia jambo analonong'onezwa.

"Tulikuwa tunacheza pamoja," alisema.

"Aah," alisema yule mama. "Utotoni?"

"Ndiyo," alijibu Msumari, kwa kuwa muziki ulikuwa juu, na maelezo yangekuwa marefu. Akafungua soda yake.