Mashuka ya Ukaguzi

Dobi wa hospitali alitupa furushi mlangoni akasema, "Shuka lako limerudi tena, Mama Viraka. Mashine imelitafuna."

Mama Viraka hakuinua kichwa. Alikuwa amebakiza kipande kidogo cha upindo, na upindo ukiuacha katikati mkono husahau kipimo. Alimaliza, akakata uzi kwa meno, ndipo akalifungua lile furushi. Jana alikuwa ameliweka shuka hilo juu ya rundo kwa furaha ya kitoto, kwa sababu kiraka cha katikati alikilaza vizuri mno hata yeye mwenyewe alikitafuta kwa vidole asikipate. Kiraka kilikuwa kizima bado. Kilichochanika ni kitambaa cha pembeni yake, kitambaa chenyewe cha hospitali, kilichochakaa kuliko kiraka.

"Hilo la kuzika," dobi alisema.

"Nikilizika, wodi ya wanawake watatandika nini? Shati lako?"

Dobi alicheka, akarudi kwenye mvuke wake. Mama Viraka akabaki na shuka mapajani. Chumba cha kushonea kilikuwa na dirisha moja na cherehani iliyokatika mkanda. Mkanda uliombwa, ukaombwa tena, mwishowe watu wakaona haya kuuliza. Kila kitu sasa kilishonwa kwa mkono. Uzi nao umepanda bei, stoo hawautoi, kwa hiyo alichomoa nyuzi kwenye mashuka yaliyokwisha kabisa akatibia yale mahututi. Nyuzi za namna hiyo hukatika kila baada ya mishono michache. Unafunga fundo, unaanza upya, na shingo inawaka moto.

Katibu wa hospitali aliingia bila kubisha hodi.

"Mama, leo tuna wakaguzi kutoka wizarani. Mashuka yako yote yaondoke wodi ya wanawake. Sitaki kuona kiraka hata kimoja. Stoo wanatoa mapya."

"Kumbe mapya yapo?"

"Yapo kwa kazi maalumu." Katibu alitazama saa yake. "Sasa, yale magodoro ya plastiki yanateleza, shuka halitulii. Mashuka yashikize kwenye pembe. Piga bandi tu, mishono myepesi ya muda, ya kufumuka kwa mvuto mmoja. Wageni wakiondoka mtunza stoo anayakusanya."

"Na wagonjwa?"

"Wagonjwa wanarudishiwa haya yako. Kwani yana ubaya gani?" Alipofika mlangoni aligeuka, sauti ikalainika. "Na mkataba wako nimeuona, uko mezani kwangu. Tumalize hili kwanza."

Mama Viraka alikuwa kibarua miaka yote aliyofanya kazi hapo. Mkataba ukiisha, anangoja sahihi ya katibu huku akiendelea kushona, na mwenye nyumba wake anangoja pamoja naye. Alichukua sindano kubwa na kastabini yake ya kukinga kidole, akaenda wodini.

Mtunza stoo alimpa kibunda kizima cha uzi mweupe, akamwambia asiumalize. Uzi huo ulipita kwenye tundu la sindano mara ya kwanza, bila kulowanishwa mate, na ulipovutwa ulinyooka kama uliokuwa ukimsubiri yeye. Mashuka yalikuwa mazito, yana harufu ya duka. Alijikuta anayapapasa. Muuguzi wa zamu aliwageuza wagonjwa taratibu, Mama Viraka akatandika, akakunja pembe, akapiga bandi kwenye ukingo wa godoro, ndefu na legevu kama alivyoagizwa. Aliona aibu kidogo. Kwa kitambaa kile na uzi ule, mkono wake ulitaka kushona kweli.

Kwenye kitanda cha dirishani alilala bibi mmoja aliyekuwa hajapata shuka tangu aletwe, kwa kuwa yale ya viraka hayakutosha vitanda vyote. Mgongo wake ulikuwa umechubuka kwa plastiki na jasho. Walipomlaza, alianza kukisugua kitambaa kwa kiganja, kwenda na kurudi.

"Mwanangu, hili ni langu?"

"Lako, bibi," alijibu Mama Viraka, akauma sindano.

"Mpaka lini?"

Mama Viraka alitaka kumdanganya, lakini alikuwa ameuma sindano mdomoni. Alipoitoa, uongo ulikuwa umeshapoa. Aliinama akajifanya anatafuta kibunda.

Akatunga uzi upya, safari hii akiukunja mara mbili. Kwenye pembe ya shuka la bibi hakupiga bandi. Sindano ilikwenda mbele, ikarudi nyuma nusu ya mshono, ikaenda tena, fupi fupi, karibu karibu, kuzunguka godoro lote. Plastiki ilikuwa ngumu, na kastabini ikambonyeza kidole hadi kikafa ganzi. Alipomaliza alikwenda kitanda kinachofuata, kisha akarudi kuvishona upya vile vya kwanza. Muuguzi alisimama nyuma yake akitazama.

"Hizo ndizo bandi, dada?"

"Ndizo."

Muuguzi alimsogezea kiti.

Wakaguzi walipita haraka. Mmoja alisifu weupe, mwingine akapiga picha kitanda cha bibi, wakaenda kula. Gari lao lilipotoka getini, mtunza stoo aliingia wodini na toroli, akamsogeza mgonjwa wa kwanza, akashika pembe ya shuka, akavuta. Godoro zima likainuka. Alijaribu kitanda cha pili. Kisha akaenda kumwita katibu.

Katibu aliinama, akapitisha kucha kwenye mshono.

"Nilikwambia bandi."

"Bandi hazikushika, mheshimiwa. Plastiki inateleza, ulisema mwenyewe."

"Lete wembe."

"Wembe utakata na godoro," alisema Mama Viraka kwa upole, "na magodoro haya yana namba za stoo, likikatwa moja litaulizwa."

Mtunza stoo alitazama sakafuni. Katibu alimtazama mgonjwa wa kitanda cha dirishani.

"Bibi, simama kidogo."

Bibi alifumba macho.

"Amelala," muuguzi alisema.

Wagonjwa wengine nao walianza kugeukia ukutani, mmoja mmoja, wakijifunika. Katibu alisimama, akapangusa magoti ya suruali yake.

"Utafumua wewe, kwa mkono wako. Kesho asubuhi uanze. Na ule mkataba, nitautia sahihi siku shuka la mwisho litakapofika stoo. Si kabla."

"Nimesikia."

Jioni, dobi alimkuta kwenye lango la nyuma, akatembea naye. Habari zilikuwa zimeshafika kwenye mvuke.

"Umejipalia makaa, mama. Mwenye nyumba utamwambia nini?"

"Sijui."

"Sasa kesho utafumua?"

"Nitafumua. Niliajiriwa kutii." Alihamisha mkoba wake bega la pili. "Lakini ni uzi mara mbili, na lazima nifumue polepole, mashuka ni mapya yasije yakachanika. Kesho nitafumua kitanda kimoja."

"Kimoja tu?"

"Mkono unauma," alisema, na kweli ulikuwa unauma.