Choo cha Ng'ambo ya Barabara

Miaka mitatu sasa nyumba yetu ina namba nyekundu ukutani. Wathamini walipoiandika walisema hapa, nje kidogo ya Isevya, patakuwa eneo la viwanda: reli iko karibu, umeme uko karibu. Tusiongeze hata tofali, wala tusichimbe hata shimo, mpaka tulipwe fidia. Atakayekaidi hapati kitu. Subira yavuta heri, tukaambiwa. Waliosema hivyo choo chao hakijajaa.

Chetu kilijaa mvua zilizopita. Tangu hapo tunakwenda kwa jirani yetu Adelina, ng'ambo ya barabara, ambako mpaka wa viwanda haukufika. Mimi naweza. Shida ni baba mkwe, Mzee Ngollo, ambaye magoti yamemgomea. Mume wangu yuko Kaliua kwenye kazi ya reli, kwa hiyo wa kumshika mkono ni mimi. Kwetu mkwe na mkamwana hawagusani. Hata kupishana njia ya chooni ni aibu. Nami namvusha mchana kweupe, malori yakipiga honi, yeye kageuza uso kule, mimi huku. Nawachukia wale wathamini, na nasema waziwazi.

Juzi walirudi. Kiongozi wao, kijana mpole aitwaye Vedasto, aliniamkia vizuri, akaeleza kwamba wamepima upya: upande wetu maji hutuama, viwanda vinahamia ng'ambo. Nikamwuliza kama naweza kuchimba choo leo hii.

"Bado, mama. Namba yenu haifutwi mpaka barua itoke Dodoma."

"Itatoka lini?"

"Hilo silijui."

Akavuka na kopo lake la rangi, akaandika namba kwa Adelina, akamkataza kuchimba hata shimo.

Jioni Adelina alikuja. Hakuniangalia. Alisema choo chake nacho kinakaribia kujaa, na watoto wake ni sita, kwa hiyo tumwelewe. Nilimwelewa. Ningekuwa yeye ningesema vilevile.

Baba mkwe alikuwa barazani, akasikia yote. Nilipomwekea ugali na mlenda, aliisukuma sahani kando.

"Nimeshiba, mwanangu."

Hakuwa ametia kitu kinywani tangu asubuhi. Asiyekula hana haja ya choo. Mzee alikuwa ameamua kunisitiri kwa njaa yake. Niliichukua sahani, nikaingia ndani nikalia kwa hasira. Asubuhi yake aliurudisha na uji.